Mwachie Cade Msimu Mmoja

Brell, Kansas
Januari 12, 2023

Gaylon, mkimbizi wangu,

Jana nilimtimua kocha mkuu mpya mbele ya watu. Nilimkuta mgahawani kwa Delores, amekaa kwenye kiti chako, na viatu vyeupe kama vya bibi harusi. Nikamsimamia. Nikamwambia, "Kijana, hicho ni kiti cha kocha wa ukuta wa Chuo cha Prather, uliyemfukuza bila hata kumtazama usoni. Nyanyuka." Akanyanyuka. Mgahawa mzima ukapiga makofi, Delores akalia.

Haya, nimedanganya. Nilimpa mkono, nikamwambia karibu Brell, nikavisifia viatu. Delores alinitazama kana kwamba nimetapika juu ya kaunta.

Anaitwa Brannock. Umri wake ni sawa na wa buti zangu. Kila akifungua mdomo ni utamaduni, utamaduni, tutajenga utamaduni mpya. Nikamuuliza wa zamani ulikuwa na kasoro gani. Akasema, "Mzee, mlishinda mechi tatu msimu mzima." Nikarudi kwenye mayai yangu.

Sasa nisikilize, maana kwenye simu sisikii kitu na ndiyo sababu unapata mwandiko huu mbaya. Mjukuu wangu Cade amekaa benchi miaka yote akingoja waliomtangulia wamalize. Wewe ndiye uliyemwambia angoje, akangoja, hakunung'unika. Sasa wamemaliza. Vuli hii katikati ya ukuta, kwenye ile safu ya majitu inayomkinga mrushaji, ni pake. Yeye ndiye atakayeinama juu ya mpira, aupitishe katikati ya miguu yake kwenda kwa mrushaji, kisha aangukiwe na majitu. Ni mwaka wake wa mwisho chuoni. Na mimi nitakuwa jukwaani safu ya chini, namwambia kila mtu kuwa yale makalio makubwa ni damu yangu.

Lakini lazima iwe vuli hii. Ile habari ya macho niliyokunong'oneza kwenye maegesho ya magari haikuwa utani. Doa limekaa katikati kabisa. Nikikutazama usoni naona masikio mawili na kofia. Daktari anasema msimu huu bado nitaona kwa pembeni, msimu ujao haahidi. Cade hajui, na asijue kutoka kwako. Sitaki mtu acheze kwa kumhurumia babu yake, atauangusha mpira.

Nasikia umepata kazi Montana. Hongera. Nasikia pia kocha akihama huondoka na wachezaji kama mke aliyeachwa anavyoondoka na masufuria. Beba. Beba wale mapacha wa Schmidt, wanakula kama moto wa nyika. Beba mpiga teke, hapigi popote.

Mwachie Cade msimu mmoja. Basi.

Wako,
Lambert Dreiling


Lodge Creek, Montana
Januari 27, 2023

Ndugu Lambert,

Barua yako imenichekesha, na huku hakuna kingine cha kunichekesha. Naishi chumba kimoja juu ya duka la dobi. Mashine zikianza kuzunguka, kitanda kinatembea. Mke wangu Lurleen amebaki Brell mpaka nyumba ipate mnunuzi. Ukipita, mtazamie bomba la nje lisigande.

Kocha mkuu wa hapa anaitwa Tansley. Ni mtu wa maneno machache. Siku ya kuniajiri aliniuliza swali moja tu, nikalijibu, tukapeana mikono.

Kuhusu Cade, tulia. Sheria inamkataza kocha kumgusa mchezaji wa chuo kingine kabla mchezaji mwenyewe hajaweka jina lake kwenye dirisha la uhamisho, na dirisha halifunguliwi mpaka Aprili. Na hata sheria ingeruhusu, wewe ni wewe. Sitampigia. Habari ya macho yako nimeizika.

Mungu akulinde.

Gaylon Vickers


Brell
Machi 9

Gaylon, mfalme wa barafu,

Bomba la Lurleen liko salama. Nililifunga gunia na suruali yako ya zamani ya mazoezi. Imetosha bomba zima na ikabaki.

Utamaduni mpya umefika mpaka jikoni kwangu. Unazikumbuka Alhamisi za ukuta: sufuria langu la maharage na nyama na pilipili, mikate ya mdalasini ya marehemu Rosina ambayo sasa naiunguza mwenyewe, na majitu yote yanavunja viti vyangu. Kaja binti mwembamba, mtaalamu wa lishe, akaniambia kwa adabu sana kwamba siku hizi wachezaji wanakula kuku wa kupimwa kwenye mizani. Nikamwambia, "Mwanangu, ukuta haujengwi kwa kidari cha kuku." Akaandika kitu kwenye simu yake. Nadhani aliniandika mimi.

Kwa hiyo Alhamisi iliyopita alikuja Cade peke yake. Akala cha wote, halafu akaniambia.

Brannock ameleta mtu wake wa katikati kutoka chuo alichotoka, jitu la Ohio lenye ndevu kama ufagio. Amempa jezi ya 58. Wewe ulikuwepo Novemba. Unajua 58 hapa kwetu haiombwi wala haigawiwi na kocha. Anayemaliza humvalisha anayemfuata kwa mikono yake, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ukuta mzima umesimama. Cade alivalishwa, na wewe ulipenga makamasi kwenye taulo la mtu. Sasa Brannock amemkuta ameivaa mazoezini, akamwambia, "Ivue, ni namba tu." Akaivua, Gaylon. Pale pale uwanjani, kwenye baridi, akarudi ndani kifua wazi.

Nikamwambia avumilie. Goti la huyo wa Ohio limefungwa bandeji kama mguu wa meza ya kilabuni, halifiki Septemba. Akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza, "Babu, matairi ya theluji yanauzwa wapi?"

Machi hii! Nyasi zinaota. Nikamuuliza ya nini. Akasema ni ya rafiki. Simu yake ikalia, akatoka nje kuipokea, akasimama karibu na banda la kuku akicheka. Nilimwona kwa pembeni ya jicho, ndiko ninakoona vizuri siku hizi. Hajacheka hivyo tangu mkufukuze. Tangu wakufukuze, nilitaka kuandika. Mkono nao unachoka.

Ni nani huyo anayemchekesha mjukuu wangu?

Lambert


Lodge Creek
Machi 24

Ndugu Lambert,

Theluji bado iko magotini. Tansley anapenda mazoezi ya nje.

Pole kwa habari ya jezi. Nimesikitika kuliko ninavyoweza kuandika. Ila na mimi nikuulize kitu, kwa jumla tu, sisemi habari ya mtu fulani. Kijana ameonewa pale alipo. Amebakiwa na msimu mmoja. Mahali pengine yupo mtu anayemjua, anayejua anavyosimama na anavyofikiri, ambaye angemweka mbele tangu siku ya kwanza. Je, ni haki ya mtu mwingine kumfunga kamba kwa sababu zake mwenyewe? Ninauliza tu.

Vijana wana simu, Lambert. Wanacheka na wengi.

Naomba usimwambie Cade kuwa tunaandikiana. Atadhani tunamjadili.

Gaylon


Brell
Aprili 19

Babu,

Kwanza usicheke. Barua hii nimeiacha chini ya kopo lako la kahawa kwa sababu nikikuambia usoni utanitania, nitacheka, nitabaki. Ukiisoma nitakuwa nimeshaingia Wyoming.

Jina langu nimeliweka kwenye dirisha juzi. Brannock alinijibu kwa neno moja, "Sawa." Sijafika hata kwenye gari, kadi yangu ya mlango wa gym ikakataa kufungua. Ufadhili wangu wameshaufuta, nao wana haki hiyo ukishaweka jina. Nilijua. Lakini Babu, wameifuta mechi ya masika, ile ambayo mji mzima huja kututazama tukicheza wenyewe kwa wenyewe. Kocha anasema vyuo vingine vitatupeleleza. Ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu pekee ya kumwonyesha Brannock ninachoweza. Halafu wamebandika orodha ya kikosi, na kwa nafasi ya katikati mimi si wa pili tena, ni wa tatu.

Nakwenda Montana kwa Kocha V. Usimlaumu. Tangu Februari amenipigia kila wiki, na wakati huo wote hakuna mwingine hata mmoja aliyenipigia. Anasema nafasi ya katikati ni yangu. Karatasi za ufadhili zitasainiwa Mei, lakini amenipa neno lake, na anataka niwahi ili nianze kunyanyua vyuma na wenzangu.

Mechi zao zinaonyeshwa kwenye intaneti. Krismasi nitakuletea televisheni kubwa kama mlango wa ghala, lakini kabla ya hapo Delores amesema atakufungulia mgahawani. Utaniona karibu kuliko jukwaani.

Babu, kama kuna sababu yoyote hutaki niende, niambie. Neno moja tu. Nitageuza gari, hata kama nimeshafika.

Cade


Brell
Aprili 26

Kwa jitu langu Cade, aliyetoroka na mkate wa mwisho wa mdalasini,

Usigeuze gari. Petroli ya kwenda na kurudi Wyoming wanapoteza watalii tu.

Unadhani nitalia? Nimepata nafasi ya kuegesha trekta pale ulipokuwa unaegesha lile gari lako la kutu. Kuku wanataga vizuri zaidi bila wewe kuwatisha.

Umefanya sawa. Mtu akikuvua jezi, usibaki hapo kumshonea vifungo. Nenda ukacheze. Habari ya televisheni ni nzuri sana. Jukwaani sikuwa naona vizuri kwa ajili ya kofia ya mama Pfannenstiel, lakini kwenye hiyo nitaona mpaka jasho lako. Sina sababu yoyote ya kukurudisha. Nimetafuta hata chini ya kitanda, sikuiona.

Mistari imepinda kwa sababu meza imepinda. Meza ilipinda kwa sababu uliikalia.

Ukiinama, mgongo chini, macho juu. Hilo si la Gaylon, ni langu.

Babu yako


Brell
Aprili 26

Vickers,

Kila wiki. Tangu Februari.

Nilikuomba kitu kimoja. Sikukuomba kwa sababu ya sheria, nilikuomba kwa sababu nilidhani wewe ni mtu wangu. Nilikupa siri ambayo mjukuu wangu mwenyewe hana. Ukaipokea, ukaizika kama ulivyosema, kisha ukapita juu ya kaburi lake ukaja kubeba mtoto.

Na barua yako ya "kwa jumla tu". Mimi niliacha shule nikiwa bado sijaota ndevu, lakini kusoma najua.

Sasa mpange mbele kama ulivyomwahidi. Ukimkalisha benchi hata mechi moja nitakuja huko kwa trekta.

Suruali nimeitoa kwenye bomba. Lurleen afunge ya kwake.

L. Dreiling


Lodge Creek
Juni 2

Lambert,

Sina jinsi nzuri ya kuandika hili.

Tansley ameondoka. Chuo kikubwa cha Texas kilimwita wiki mbili zilizopita, na kufika jioni ofisi yake ilikuwa tupu. Kocha aliyechukua nafasi amekuja na watu wake, akiwemo kocha wake wa ukuta. Mimi nimeambiwa nitoke mwisho wa mwezi. Kocha wake wa ukuta ana mtu wake wa katikati, na mtu huyo karatasi zake zimesainiwa.

Za Cade hazikuwa zimesainiwa. Nafasi yake ilikuwa neno langu, na neno langu lilikuwa kazi yangu. Nimempigia kila kocha ninayemfahamu nchi hii. Wote wanamjua kijana, wote wanasema kikosi kimejaa, labda Desemba. Desemba mwaka wake utakuwa umekwisha.

Umeshaniuliza kwa nini, hata kama hukuandika. Lile swali moja la Tansley siku ya kuniajiri lilikuwa hili: "Unakuja na nani?" Nilimtajia majina. La Cade lilikuwa la kwanza. Kwenye kazi yetu kocha wa umri wangu haajiriwi kwa anachokijua, Lambert. Anaajiriwa kwa wale atakaowavuta. Nilikuandikia "sitampigia" na jina lake nilikuwa nimeshalitoa. Nikajidanganya kwamba namsaidia, na siku nyingine nilikuwa namsaidia kweli. Alikuwa na furaha hapa, ujue hilo. Kwenye mazoezi hakuna aliyempita.

Analala kwenye kochi langu. Kutwa anamsaidia mwenye dobi kubeba mafurushi. Ameniomba nisikuambie, anataka uendelee kudhani yuko gym. Nikimwambia arudi nyumbani anasema atarudi kufanya nini, wampe kofia ya Prather akae jukwaani?

Niruhusu nimwambie habari ya macho. Akijua, atarudi kwako kesho.

Sikuombi msamaha.

Gaylon


Brell
Juni 11

Gaylon,

Vizuri hukuomba. Sina.

Barua yako nimeisoma siku nzima, mstari mmoja mmoja, nikigeuza shingo kama bata. Nilipomaliza nikavaa shati la kanisani nikaenda kwa Brannock. Nilivua kofia. Hata askofu alipokuja kubariki ghala la nafaka sikumvulia kofia.

Unajua jitu la Ohio liko wapi? Limekwenda. Dirisha la uhamisho lilipokuwa linafungwa, jitu nalo likatupia jina lake humo, sasa liko Florida na goti lake. Jezi ya 58 imetundikwa kwenye kabati, na katikati ya ukuta wa Prather wamemweka mtoto ambaye bado mama yake anamkatia nyama. Nikamwambia Brannock, "Basi pengo lipo. Mrudishe kijana wangu." Akasema, "Mzee Dreiling, ningependa sana." Nikasema hata bila ufadhili, nitauza trekta. Nikasema hata abebe maji ya wenzake. Akasema anayetoka akirudi huingia na sumu chumbani, na lazima wengine waone kuwa mlango ukifungwa umefungwa. Aliongea kwa upole. Alinishika bega. Aliniandikisha niwe napata habari za mashabiki kwenye barua pepe, na mimi sina hata hiyo barua pepe.

Angekaa wiki mbili tu zaidi, Gaylon. Angekaa tu, amekasirika, amenuna, anakula maharage yangu. Nafasi ingemwangukia miguuni. Hilo usimwambie, litamla.

Na ya macho usimwambie vilevile. Nimelifikiria. Aliniandikia kuwa neno moja tu litageuza gari. Nilikuwa nalo neno hilo, nikalikalia, nikamletea utani wa trekta na kuku. Akilijua leo, atanichukia mimi. Nataka akuchukie wewe. Wewe unamudu, umezoea kufukuzwa.

Atarudi akitaka. Kitanda chake kipo, kuku nimewaonya. Sitamcheka. Mwambie hivyo, au usimwambie, hataamini.

Lakini kuna jambo. Mwaka ule mliposhinda ubingwa wa kanda, ulirudi kutoka kwenye sherehe ukiimba peke yako ndani ya gari, ukakanyaga sanduku la barua la Padri Werth mpaka likawa sahani. Asubuhi yake mimi ndiye niliyekwenda kusema ni trekta langu, kwa sababu mkataba wako ulikuwa mezani kwa wakuu wa chuo na hawakupenda pombe. Padri alinipa rozari nzima na ndoo ya rangi, nikapaka uzio wa kanisa wote, na wewe Mbaptisti ukapita ukinipigia honi. Sijawahi kukudai. Nakudai leo.

Nyuma ya hilo duka la dobi pako mahali, hata kama ni magugu na makopo. Asubuhi moja kabla hamjatawanyika, mtoe Cade hapo. Mpe mpira ainame. Wewe simama mbele yake na magoti yako hayohayo mabovu, umwambie acheze mara moja, kama uwanja umejaa. Usiseme ni mimi niliyetaka. Usimpishe, na usijitupe, atajua. Akishakuangusha, kaa chini mpaka pumzi irudi, halafu niandikie: aliinama vipi, mguu upi ulitangulia, uso wake ulikuwaje, na wewe ulianguka namna gani. Tumia wino mweusi na herufi kubwa, maneno machache kwa kila karatasi, nipate kuyasoma kwa pembeni.

Lambert